Kaka ameandika "nothing" mara nne, na mama anasubiri tafsiri

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34 na ninafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Nataja kazi yangu mapema kwa sababu ndiyo inayonitia aibu ya kukuandikia: neno linaloninyima usingizi wanafunzi wangu wote wanalijua, na mimi mwenyewe nimelifundisha miaka kumi bila kusita hata siku moja. Neno lenyewe ni "nothing".

Kwetu tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu aliyenizidi miaka tisa. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo kaka ndiye aliyenilipia ada, sare, nauli na kila kilichotakiwa, mpaka nikamaliza chuo. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Mwaka jana ndugu walikutana nyumbani kwa mama, mazungumzo yakachangamka, naye akatania kwamba bila yeye ningekuwa bado nahesabu kwa vidole. Watu wakacheka. Mimi, sijui nilipatwa na nini, nikamjibu mbele ya wote kwamba alinisomesha ili apate cha kusimulia. Kaka hakusema lolote. Aliyamaliza maji yaliyokuwa kwenye glasi yake, akaiweka mezani taratibu kana kwamba ingevunjika, akamuaga mama na kuondoka. Ilipita miezi tisa bila yeye kuja nyumbani wala kunipigia simu. Mama akimpigia hupokea, humjulia hali, na fedha za matumizi hazikukatika hata mwezi mmoja. Lakini nikitajwa mimi husema ana kazi, atapiga baadaye.

Mwezi uliopita nilijikaza nikamwandikia ujumbe mrefu. Niliuandika kwa Kiingereza, kwa maana mambo mazito sisi wawili huandikiana kwa lugha hiyo tangu nikiwa mwanafunzi. Yeye ndiye aliyenizoesha, akinirudishia barua zangu zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nilimwomba radhi, nikamwambia niko tayari kumrudishia alichotumia, kidogo kidogo, na nikamalizia kwa kusema sitaki afikiri kwamba alifanya yote yale "for nothing". Siku mbili baadaye akanijibu. Nanakili jibu lake kama lilivyo, sijapunguza wala kuongeza:

"You owe me nothing. It was nothing. There is nothing between us. Tell Mother nothing has changed."

Hakuna salamu, hakuna jina, hakuna alama ya mshangao. Ni sentensi nne, na kila moja ina neno lile lile. Niliposoma mara ya kwanza nilishusha pumzi: kaka amenisamehe, hanidai, alichofanya anakiona kidogo, hatuna ugomvi, na mama aambiwe mambo ni kama zamani. Niliposoma mara ya pili mikono ilianza kutetemeka, kwa sababu maneno yale yale yanaweza kusema kwamba hataki hata senti yangu, kwamba yote aliyonifanyia hayana thamani tena, kwamba udugu wetu umekwisha, na kwamba mama asitegemee chochote kipya.

Sasa ndipo lilipo kosa langu. Mama hajui Kiingereza. Jioni ile alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo, akaniona nimeshika simu, akaniuliza bila kuinua macho: "Kaka yako amesema nini?" Nikajibu, "Amesema hakuna neno, mama." Lilinitoka tu. Shati alilokuwa amelishika alilikumbatia kidogo, kisha akaendelea kukunja. Asubuhi yake nilimkuta amekwisha kulitoa nje godoro la chumba cha kaka, ameliegemeza ukutani lipigwe jua. Wiki tatu zimepita. Kila baada ya siku chache hulitoa tena, huligeuza, hulirudisha, na simu ikilia hunitazama mimi kwanza.

Nimejaribu kutumia utaalamu wangu. Nimepekua kamusi na kujaza kurasa tatu za daftari: "for nothing" ina maana hizi, "good for nothing" ni mtu asiyefaa kwa lolote, "next to nothing" ni kidogo mno, "nothing doing" ni haiwezekani, na kadhalika. Nimewaonyesha walimu wenzangu watatu ujumbe ule bila kuwaambia umetoka kwa nani. Wa kwanza amesema huyu mtu amesamehe. Wa pili amesema huyu mtu amekata mguu. Wa tatu, ambaye hafundishi lugha bali hisabati, ameniuliza: "Alikuwa ametulia au amekasirika?" Sikuwa na jibu.

Shangazi, nimwambie mama ukweli kwamba sijui kaka amesema nini? Au nimuulize kaka mwenyewe alimaanisha nini, nikijua kwamba nikimuuliza nitaonekana mwalimu wa Kiingereza asiyejua neno la kwanza la Kiingereza, na mbaya zaidi, naweza kumlazimisha kuchagua ile maana mbaya? Au ninyamaze? Nahisi nimemdanganya mama yangu kwa tafsiri.

Kitindamimba

* * *

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale kwenye godoro. Nitalirudia baadaye. Kwanza niseme nilivyokuelewa, nawe utanisahihisha, ikiwezekana kwa kalamu nyekundu kama mlivyozoea. Ulimjeruhi kaka yako mbele za watu, ukakaa na jeraha hilo miezi tisa, ukaomba radhi, ukajibiwa kwa sentensi nne zinazoweza kusomeka pande mbili. Mama akauliza, ukachagua upande mmoja kwa niaba ya wote watatu. Sasa unaniuliza maana ya neno, lakini nadhani unaniuliza pia kama una haki ya kutumaini.

Kuhusu neno lenyewe, wewe ndiye mwalimu, nami sitajifanya kukufundisha. Ila kuna jambo moja katika barua yako ambalo naona umelipita haraka mno. Unasema kaka ameandika "nothing" mara nne, na umehesabu vizuri. Lakini wa kwanza kulileta neno hilo katika mazungumzo yenu ni wewe. Ulimalizia ujumbe wako kwa "for nothing". Wewe ulimaanisha kwamba juhudi zake hazikupotea, na katika Kiswahili tungesema hukutaka afikiri kwamba alihangaika bure. Sasa tazama neno hilo letu, "bure". Mtu akipewa kitu bure hakulipa. Mtu akihangaika bure hakupata. Mtu akimpiga mwenzake bure hakuwa na sababu. Neno la Kiingereza ulilotumia lina vyumba hivyo hivyo vitatu, na daftari lako bila shaka linavyo vyote. Je, una hakika kaka aliingia katika chumba ulichokifungua wewe? Mtu aliyekusomesha bila kutarajia malipo, akisoma kwamba hutaki afikiri alifanya hayo "for nothing", anaweza kusikia kwamba sasa unamtafutia ujira. Kisha, katika ujumbe huo huo, umemwambia utamlipa kidogo kidogo. Mtu wa namna hiyo anaweza kujibu, "Nilifanya bure, na ndivyo nilivyotaka." Simsemei. Nasema tu kwamba jibu lake huenda ni mwangwi wa neno lako, na mwangwi husomwa pamoja na sauti iliyouanzisha. Ukiisoma barua yake peke yake unasoma nusu ya mazungumzo.

Tuje kwenye sentensi ya kwanza, "You owe me nothing". Unajua kuliko mimi kwamba angeweza kuandika "You don't owe me anything", na kwamba wenye lugha yao huisikia ile ya kwanza kuwa nzito zaidi. Uzito huo umekutia hofu. Lakini uzito wa neno haukuambii limeelekezwa wapi. Mtu husisitiza anapokataa kwa hasira, na husisitiza vilevile anapotaka kukutua mzigo ambao hukumwomba autue. Kuna jambo jingine hapa linalotupata sisi tuliozaliwa katika Kiswahili. Lugha yetu hukanusha kwenye kitenzi: "sikudai". Deni linafutika kabla sentensi haijafika mbali. Kiingereza, kikitumia neno hili, huacha kitenzi kikiwa kizima, "unawiwa nami", kisha ndipo kinapofungua mkono kukuonyesha kwamba ndani hamna kitu. Sikio la Kiswahili linaposoma sentensi ile husikia deni kwanza. Inawezekana baridi uliyoisikia kwenye mstari ule imetokana na mpangilio wa maneno tu, na kaka yako hayumo.

"It was nothing" sitakaa nayo sana. Ni jibu la adabu la kila siku kwa anayeshukuru. Wafaransa husema "de rien", Wahispania "de nada", sisi husema "si kitu", na watu wa lugha zote hizo wanakubaliana juu ya upole huu wa ajabu wa kuuita msaada wako kuwa si kitu ili aliyesaidiwa asiinamishe kichwa. Lakini najua kwa nini unaiogopa: sisi pia tunaye mtu ambaye "si lolote si chochote", na hayo si maneno ya upole. Tofauti iko katika kinachoitwa si kitu. Akikiita hivyo kile alichotoa yeye, anajishusha. Akikuita hivyo wewe, anakudharau. Soma tena uone hiyo "it" inasimama mahali pa nini.

Ya tatu ndiyo iliyokuvunja, nami sitakuambia kwamba umekosea kuiogopa. "There is nothing between us" inaweza kuwa hakuna kinachotutenganisha, na inaweza kuwa hakuna kinachotuunganisha; sentensi moja inabeba ukuta na daraja, halafu inasema hakipo, bila kusema kipi. Umewahi kuwauliza wanafunzi wako ni lini wamewahi kuisikia? Wengi watakuambia wameisikia katika maigizo, kijana na binti wakikana kwamba wanapendana. Ndugu wa tumbo moja wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni hawana desturi ya kuambiana hivyo, si katika upatanisho wala katika ugomvi. Hilo linanifanya nijiulize kama kaka yako alikuwa akifikiri kwa Kiingereza hata kidogo wakati anaandika. Huenda kilichokuwa kichwani mwake kilikuwa "hatuna neno kati yetu", na neno hili "neno", ambalo kwetu ni tamko na ni ugomvi pia, Kiingereza hakina pa kuliweka. Akalivua, likabaki "nothing". Ikiwa ndivyo, basi jioni ile ulipomwambia mama "hakuna neno" hukutafsiri; ulirudisha sentensi nyumbani kwao. Na ikiwa sivyo, ikiwa kichwani mwake kulikuwa na "sisi si ndugu tena", nayo pia ingevuliwa hivyo hivyo na kuvikwa Kiingereza kile kile. Naziweka zote mbili mbele yako kwa sababu nakuona ukiziona zote mbili kila usiku, na kukuficha mojawapo kusingekusaidia kulala.

Kuna mfano wa zamani ambao mwalimu wa Kiingereza hawezi kunilaumu kwa kuutaja. Katika mchezo wa Shakespeare uliochezwa mbele ya Mfalme James mwaka 1606, mfalme mzee Lear anawataka binti zake watatu waseme wanampenda kiasi gani ili awagawie ufalme. Wakubwa wawili wanamwaga maneno. Kitindamimba, Cordelia, anayempenda kweli, anaulizwa ana nini cha kusema, naye anajibu "Nothing". Baba anamwambia kutoka katika hicho hakitatoka kitu, anamnyima urithi, na maafa yote yanayofuata yanaanzia hapo. Binti alimaanisha kwamba hana maneno yanayotosha. Baba alisikia kwamba hana upendo. Nimeukumbuka kwa sababu ya wepesi wa kosa la yule mzee. Neno hili la Kiingereza, ambalo asili yake ni maneno mawili, "no" na "thing", yaliyogandana kuwa moja, husimama katika sentensi kama jina la kitu, na masikio yetu hulipa mwili. Lear alidhani amepewa kitu kinachoitwa "nothing". Nawe mwanangu, kurasa tatu za daftari ni mwili mkubwa sana kwa neno la namna hiyo.

Kiswahili, kwa upande wake, hakikubali kukosekana kuelee hewani. "Hapana", "hakuna", "hamna": ndani ya kila mojawapo kuna mahali, "pa" ya hapa palipo wazi, "ku" ya huko kusikojulikana vizuri, "m" ya humu ndani. Ndiyo sababu mtafsiri wa neno la kaka yako analazimika kuamua jambo ambalo mwandishi mwenyewe hakuliamua, au hakuliandika: hakuna nini, na wapi? Ulipomjibu mama, uliongeza mahali ambapo kaka aliacha wazi. Unaita huo uongo. Mimi ningesita kuuita hivyo, kwa kuwa hakuna njia ya kulitia neno lile katika lugha ya mama bila kuongeza kitu. Hata hivyo, sitakuondolea yote, kwa sababu kuna tofauti kati ya kuongeza na kuzuia, na hapa nina swali ambalo huenda likakuuma.

Kati ya sentensi nne, tatu zilikuwa zako. Ya nne tu ndiyo iliyokuwa ya mama: "Tell Mother nothing has changed." Umempa mama tafsiri ya zile zako tatu, tena kwa maneno mawili, na ile moja aliyotumiwa yeye bado iko mfukoni mwako. Tazama pia kwamba ni rahisi kuliko zote kuitafsiri. "Mwambie mama hakuna kilichobadilika." Utata wake unavuka nao salama hadi Kiswahili, huongezi wala hupunguzi. Mama ndiye anayejua kilichokuwapo kabla, kati yake na mwanawe, na ndiye anayeweza kuamua kwamba kisichobadilika ni kipi. Wewe umelipima "changed" kwa miezi tisa ya ukimya, kwa kuwa hiyo ndiyo miezi yako. Yake ilikuwa na simu, salamu na matumizi yasiyokatika hata mwezi mmoja, kama ulivyoandika mwenyewe.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye godoro. Unaamini mama analitoa kwa sababu ya tafsiri yako. Inawezekana. Lakini mwanamke aliyezungumza na mwanawe miezi yote hiyo, akisikia sauti yake inavyogeuka likitajwa jina la dada yake, huenda anajua mengi kuliko yaliyomo kwenye simu yako. Aliuliza swali lake bila kuinua macho. Watu hufanya hivyo wanapouliza jambo dogo, na hufanya hivyo pia wanapotaka kukupa nafasi ya kujibu unavyoweza. Sijui mama yako ni yupi kati ya hao. Wewe unaweza kujua, ukimtazama akiligeuza.

Umenipa njia tatu, nami naziona zote zinapitika, na zote zina miiba. Kumweleza mama kwamba hujui kaka alisema nini kutakutua mzigo, na kutamtwika yeye. Ukichagua hivyo, fikiria kumpa sentensi yake ya nne kwanza, kisha usikilize, kabla ya kumweleza hofu zako kuhusu zile tatu. Anaweza kuumia. Anaweza pia kukukasirikia kwa wiki tatu za kimya, na hasira hiyo itakuwa haki yake.

Kunyamaza nako si kufanya "nothing", ukiniruhusu nilitumie neno lako. Kila siku unayonyamaza godoro linatoka na kurudi, na tafsiri yako ya jioni moja inazidi kuwa ahadi aliyoitoa kaka bila kujua. Kuna familia ambazo ukimya huziponya polepole, mtu akatokea mlangoni siku moja na hakuna anayeuliza. Kuna nyingine ukimya huo huo huzika. Upande wa faida ni kwamba humlazimishi kaka kusema asichokuwa tayari kusema. Upande wa hasara ni kwamba anayelipia faida hiyo ni mama.

Kumuuliza kaka ndiko unakokuogopa zaidi, na nimeona hofu yako ina sehemu mbili. Ya kwanza, kwamba utaonekana hujui Kiingereza, nakuomba uiweke chini kama kaka alivyoweka ile glasi. Walimu wenzako watatu wamegawanyika juu ya ujumbe ule, na aliyekaribia zaidi ni wa hisabati. Ya pili ni nzito kweli. Swali "ulimaanisha nini?" humweka mtu kwenye kona, na mtu aliye konani huweza kuchukua jibu kali lililo karibu naye. Lakini kumwendea kaka si lazima kuwe kumhoji. Unaweza kumjibu. Hujamjibu, Kitindamimba, barua yako haisemi popote kwamba ulimjibu. Alikuandikia wiki tatu zilizopita, na tangu wakati huo huenda naye ameshika simu akijiuliza kimya chako kina maana gani. Ukimjibu kwa kupokea ile maana njema, "nashukuru kaka, nami sina neno nawe", unamfungulia mlango. Hatari yake ni kwamba kama hakuwa na maana hiyo atajiona amewekewa maneno mdomoni. Ukimjibu kwa kukiri kwamba umesoma pande mbili na ile ya pili imekuuma, unakuwa mkweli zaidi na uchi zaidi. Ni wewe unayejua ni lipi kati ya hayo mawili kaka yako hulistahimili.

Lile suala la kumlipa ningeliacha lipumzike kwanza. Sisemi ulilitaja kwa nia mbaya. Ila kwa mtu aliyekuwa baba wa pili kwako, kuitwa mdai kunaweza kuwa sawa na kurudishiwa zawadi, na wakati mwingine jeraha la mzaha huungana na jeraha la msamaha ulioombwa kwa lugha ya fedha, mtu asijue linalomuuma ni lipi.

Jambo la mwisho ni kuhusu lugha yenyewe. Mmekuwa mkiandikiana mazito kwa Kiingereza, na umechukulia kwamba kaka kuandika hivyo safari hii ni ubaridi. Mimi nadhani inaweza kuwa ubaridi, na inaweza kuwa makazi. Ni lugha ya zile barua alizokusahihishia ukiwa msichana, na huenda ndiyo pekee anayoweza kukuandikia bila sauti yake kutetemeka. Lakini ulipomtukana, kwa namna ulivyosimulia, ninafikiri ulimtukana kwa Kiswahili, mbele ya watu waliokisikia. Radhi uliomba kwa lugha nyingine, kwa maandishi, faraghani. Sisemi ilikuwa makosa. Nauliza tu kama yeye amewahi kuisikia ile radhi katika lugha alimojeruhiwa, kwa sauti yako, hata kama ni dakika moja kwenye simu.

Chochote utakachoamua, niandikie. Na akijibu, usinakili maneno yake tu; niambie pia alijibu kwa lugha gani.

Shangazi yako